Kabla hujaongeza fildi: hii mtu ataisoma tu, au ataitumia kutafuta?

Watu wengi wanaonipigia simu kwamba tovuti yao ni nzito wanakuja na jibu lao tayari. Wanataka kuhama hostingi, au wameshanunua plagini ya keshi (inayotunza kurasa zilizokwisha kutengenezwa ili zitolewe upesi) wanataka niwasetie, au kuna mtu kawaambia waongeze rami kwenye seva. Naelewa kwa nini, maana hayo ndo mambo yanayouzwa, yana bei na yana matangazo. Ila kazi zangu nyingi hapa Dodoma ni WordPress, na siku hizi kabla sijauliza chochote kuhusu seva naomba kwanza nioneshwe ile fomu ya kuingiza taarifa, ile anayojaza mtu wa ofisini akiweka kitu kipya. Fomu ile ndo inaniambia databezi itateseka wapi. Nikikuta fildi 20, yaani visanduku vya kujaza, zimepangwa moja chini ya nyingine, zote za kuandika kwa mkono, zote za aina moja, nakuambia kabisa hata ukinunua seva ya bei gani umenunua muda tu, tatizo litarudi.

Nitumie mfano wa viwanja kwa sababu ndo biashara ya mji huu. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa 1973, lakini serikali imeanza kuhamia kweli kweli kuanzia 2016, na 2018 tukapewa hadhi ya jiji, na toka hapo kila unayekutana naye ama ana kiwanja anauza ama anakitafuta, Nala, Ihumwa, Iyumbu, Msalato, Mkonze, huko kote. Kwa hiyo tovuti za viwanja zipo nyingi na zinafanana, na zinaumwa ugonjwa uleule. Kuna moja ya madalali niliitwa kuiangalia, ilikuwa inaenda vizuri tu ilipokuwa na matangazo mia mbili mia tatu, ila yalipofika elfu kadhaa ikawa mteja akichagua kata, akachagua matumizi, akaweka bei anayoiweza, anasubiri mpaka anafunga anaenda zake. Na mteja mwenyewe yuko kwenye simu, bando lake la kupima, labda yuko Dar anatafuta sehemu ya kujenga kabla hajapanda treni kuja kuona. Huyo hasubiri.

Dada anayeingiza matangazo pale ofisini akaniuliza swali ambalo kwa kweli lilikuwa na jibu lote ndani yake: "Kaka, mbona nikifungua kiwanja kimoja kinafunguka chap, ila nikitafuta inaganda?"

Hapo ndo penyewe. Kufungua na kutafuta ni kazi mbili tofauti kabisa kwa databezi, na namna ulivyopanga maudhui inaweza kuwa nzuri kwa moja na mbaya sana kwa nyingine.

Twende taratibu. WordPress posti zote inaziweka tebo (jedwali) moja, wp_posts. Haijalishi umeziita viwanja, nyumba, habari au matangazo, ukisajili aina mpya ya posti hupewi tebo mpya, unapewa neno jipya tu kwenye kolamu ya post_type. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanagawanya maudhui yao kwenye aina nane wakidhani wamepunguza mzigo, kumbe vyote viko palepale. Si vibaya, ina maana zake kwa mpangilio, ila kasi haitokani na hapo. Afu fildi zote za ziada, za posti zote, za aina zote, zinaenda tebo moja nyingine inaitwa wp_postmeta, na tebo hiyo ina kolamu nne basi: namba ya mstari, namba ya posti, jina la fildi, na thamani. Bei iko hapo, ukubwa uko hapo, kata iko hapo, namba ya dalali iko hapo, hata ile alama ya nani alihariri mara ya mwisho iko hapohapo. Ni kama kumwaga mahindi, alizeti na mtama gunia moja pale Kibaigwa, afu kila mteja anayekuja umchambulie punje anazotaka.

Sasa kwenye tebo hiyo kuna indeksi (orodha iliyopangwa, kama faharasa ya kitabu, ya kuifikia mistari haraka) kwenye namba ya posti, na kuna indeksi kwenye jina la fildi. Kwenye thamani hakuna. Na haiwezi kuwekwa kirahisi, kwa sababu kolamu ya thamani ni LONGTEXT, imetengenezwa ibebe chochote, kuanzia tarakimu moja mpaka insha nzima. Kwa hiyo ukifungua kiwanja kimoja, databezi inaambiwa nipe kila kitu cha posti fulani, inapita kwenye indeksi ya namba ya posti, inarudi na mistari yake mara moja. Ndo ile chap ya dada. Hata ukurasa wenye viwanja 12, WordPress inachukua fildi za vyote 12 kwa kwari moja, yaani ombi moja kwa databezi, inaziweka kwenye kumbukumbu, ukiziita baadae haiendi tena kwenye databezi. Hapo hamna shida yoyote na ndo maana nikisikia mtu anasema postmeta ni mbaya namwambia hapana, postmeta ni nzuri sana kwa kazi yake.

Ila ukisema nipe viwanja vyote ambavyo kata ni Nala, matumizi ni makazi, bei haizidi milioni 10, ukubwa si chini ya mita za mraba 600, hapo umeiambia databezi iiunganishe wp_postmeta na wp_posts mara nne, kila sharti na muungano wake, na kila muungano inabidi isome thamani moja moja kuangalia inafanana au haifanani. Na tebo yenyewe ni kubwa kuliko unavyofikiri. Ukitumia Advanced Custom Fields, plagini ya kuongezea fildi, kila fildi inaandika mistari miwili, mmoja wa thamani na mwingine unaoanza na kistari cha chini wa kukumbuka hiyo fildi ni ipi. Fildi 20 ni mistari 40. Viwanja 5,000 mara 40 ni mistari 200,000, na bado hujahesabu zile fildi za kujirudia ambazo kila safu unayoongeza inazaa mistari yake.

Na bei ina mambo yake ya ziada. Kwa sababu thamani ni maandishi, databezi inailinganisha kama maandishi usipoiambia vingine, na kwa maandishi 9000000 ni kubwa kuliko 15000000, kwa sababu 9 inakuja baada ya 1. Nimeona ukurasa umepangwa kuanzia bei ya chini kwenda juu, cha milioni 15 kiko juu na cha milioni 9 kiko chini kabisa, na wateja wanadhani dalali anawachezea. Dawa ya haraka ipo, unaiambia WordPress ichukulie hiyo thamani kama namba, sawa, mpangilio unakaa vizuri, lakini sasa databezi inabidi igeuze kila bei kuwa namba ndo ipange, kila kiwanja, kila mtu anapobofya. Na kama kuna aliyejaza "9m" au "maelewano" kwenye fildi hiyohiyo ya bei, ndo umekwisha kabisa.

Kwa hiyo mimi swali langu ni moja, naliuliza kwa kila fildi kabla haijaingia kwenye fomu: hii mtu ataisoma tu, au ataitumia kutafuta? Jina la dalali, maelezo ya njia ya kufika, namba ya kitalu na namba ya kiwanja, umbali kutoka lami, hizo zinasomwa, mtu ameshafungua tangazo ndo anaziona. Ziache postmeta, zimekaa pazuri. Kata, matumizi, hali ya umiliki, huduma zilizopo, bei, ukubwa, hizo zinatafutwa, na zinazotafutwa zisikae huko.

Zile za kuchagua kutoka kwenye orodha ndo rahisi, zifanye taksonomia, yaani makundi yenye maneno yaliyowekwa tayari. Watu wengi wanajua kategoria na tagi za habari tu, ila unaweza kusajili taksonomia yako mwenyewe, ukaiita kata, nyingine matumizi, nyingine umiliki. Tofauti yake kwenye databezi ni kubwa sana. Uhusiano wa kiwanja na kata unakaa kwenye wp_term_relationships ambayo ni namba tupu, namba ya posti na namba ya neno (mfano Nala), na pande zote mbili zina indeksi. Databezi hailinganishi tena maandishi "Nala" na maandishi "Nala", inalinganisha namba na namba, na inaanzia moja kwa moja kwa viwanja vya Nala bila kuvigusa vingine.

Na kuna faida nyingine ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko hata kasi. Kata ikiwa fildi ya kuandika, utakuta Ihumwa, IHUMWA, Ihumwa Dodoma, Ihumwa karibu na barabara kuu, ihumwa ikiwa na nafasi mbele yake. Herufi kubwa na ndogo MySQL, ndo programu ya databezi yenyewe, mara nyingi inakusamehe, hayo mengine hayasameheki. Mteja akichagua Ihumwa anapata nusu ya viwanja, nusu nyingine ipo lakini haionekani, na mwenye kiwanja anashangaa mbona hapigiwi simu. Ikiwa taksonomia, dada anatiki tu, yameisha. Huduma nazo hivyohivyo, maji, umeme, barabara. Ukizifanya fildi ya kutiki ya kawaida zinahifadhiwa zote kwa pamoja kama kamba moja ya maandishi, na kutafuta ndani yake ni kutumia LIKE (amri ya kutafuta neno ndani ya maandishi) yenye alama ya asilimia mbele na nyuma, ambayo hata ungekuwa na indeksi haitumiki.

Angalizo, taksonomia isiwe kila kitu. Kitu ambacho kila kiwanja kina chake peke yake, kama namba ya kiwanja, usikifanye taksonomia, utaishia na maneno mengi sawa na posti zenyewe. Bei kamili pia hapana. Ila madaraja ya bei inawezekana kabisa, chini ya milioni 5, milioni 5 mpaka 10, 10 mpaka 20 na kuendelea, na mteja wa simu kwa kweli anapenda kubofya daraja kuliko kuandika sifuri saba. Kwa tovuti ndogo hiyo inatosha, unaandika kodi fupi tu ya programu kwamba tangazo likihifadhiwa bei iangaliwe, daraja lijitiki lenyewe, dada asihangaike nalo.

Kimeuzwa au bado, hicho nacho watu wanakifanya fildi. Imeuzwa: ndiyo, hapana. Na karibu kila kwari ya tovuti inabeba sharti hilo, kwa sababu hakuna anayetaka kuona kilichouzwa. Afu matangazo ya zamani hiyo fildi hayana kabisa, iliongezwa baadae, kwa hiyo sharti linakuwa "iwe hapana au isiwepo", na hilo la "isiwepo" ndo zito kupita yote. Wakati wp_posts yenyewe ina indeksi ya aina ya posti, hali yake na tarehe, zimekaa pamoja kwa mpangilio huo. Yaani WordPress imeshakuandalia njia ya haraka kabisa ya kusema nipe viwanja vilivyo hewani, vipya kwanza. Kikiuzwa, badilisha hali ya posti. Unaweza kusajili hali yako mwenyewe, ingawa ukurasa wa kuhariri hautaionesha kwenye machaguo bila wewe kuongeza kodi, na hilo ni kero kidogo, ila ni kero ya siku moja.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema mbona unahangaika, weka keshi. Nimeweka keshi nyingi, naipenda, ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa kiwanja kimoja kimoja vinapaa. Ila hebu piga hesabu ya ukurasa wa kutafuta. Jiji la Dodoma lina kata 41. Zidisha matumizi matatu, makazi, biashara, makazi na biashara. Zidisha madaraja sita ya bei, zidisha matano ya ukubwa. Hiyo ni michanganyiko 3,690, na hujaweka mpangilio wa bei wala ukurasa wa pili na wa tatu. Keshi inasaidia pale watu wengi wanapoomba kitu kilekile, na kwenye utafutaji kila mtu anaomba chake, kwa hiyo karibu kila ombi linaenda mpaka kwenye databezi likiwa halijawahi kuombwa. Na tangazo jipya likiingia, keshi ya kurasa hizo mara nyingi inafutwa. Kwa hiyo sehemu yenye kwari nzito ndo hiyohiyo ambayo keshi haiifikii, na ndo sehemu anayoingia mtu mwenye nia ya kununua.

Bei na ukubwa zikihitaji kutafutwa kwa namba kamili, na tovuti ni kubwa, mimi natengeneza tebo ya pembeni. Watu wanaogopa hapa, wanaona kama unaivunja WordPress, lakini WooCommerce wenyewe, ile plagini ya maduka ya mtandaoni, walifika hukohuko. Bidhaa zao na oda zao zote zilikuwa posti na postmeta, wakaja 2019 kwenye toleo la 3.6 wakaongeza tebo ya kuangalizia bei, stoku na mengine ya bidhaa, na Oktoba 2023 kwenye toleo la 8.2 oda kwa maduka mapya zikaanza kukaa kwenye tebo zake zenyewe, nje ya posti. Hawakufanya vile kwa kupenda, maduka makubwa yalikuwa yanakwama.

Tebo yangu huwa ndogo. Namba ya posti, namba ya kata, bei, ukubwa, hali. Posti inabaki palepale, fildi zinabaki palepale, dada anaendelea na fomu yake kama kawaida, ila tangazo likihifadhiwa kodi inanakili hizo namba kwenye tebo ya pembeni, na likifutwa inafuta. Utafutaji unauliza tebo hiyo, unapata namba za posti, afu WordPress inaendelea na zake. Na humo indeksi naziweka ninavyotaka mimi. Hapa mpangilio wa kolamu ndani ya indeksi una maana kubwa, weka kwanza zile zinazoulizwa kwa "sawa na", kama kata na hali, halafu mwishoni ile inayoulizwa kwa "kati ya", yaani bei. Ukianza na bei, databezi ikishaingia kwenye mtawanyiko wa bei haiwezi tena kuitumia kata vizuri kupunguza mistari. Kolamu zilezile, mpangilio tofauti, majibu tofauti kabisa.

Na jamani, aina ya kolamu ya bei. Mifano mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wanaohesabu kwa dola, wanaweka INT wanaendelea. INT ya kawaida mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa shilingi yetu hiyo ni bilioni mbili na kidogo, na kiwanja kikubwa cha biashara au jengo zima mjini bei yake inaweza kuvuka hapo bila tabu. Weka BIGINT, inayobeba namba kubwa zaidi. Usitumie FLOAT kwa hela hata siku moja, inakadiria.

Yote haya usiyafanye kwa kubahatisha. Plagini ya Query Monitor ni ya bure, ifunge, fungua ukurasa wa kutafuta ukiwa umeingia kama msimamizi, itakuonesha kila kwari, muda wake na imetoka plagini gani au themu gani. Chukua ile nzito, ipeleke kwenye phpMyAdmin (ukurasa wa kuendeshea databezi), weka neno EXPLAIN mbele yake. Ukiona kwenye kolamu ya type imeandikwa ALL, ujue inasoma tebo nzima. Angalia rows, inakadiria mistari mingapi itaguswa, ukikuta makumi elfu kwa ajili ya kuonesha viwanja 12, hapo ndo pa kuanzia. Ukiona "Using temporary" na "Using filesort" pamoja, yaani inatengeneza tebo ya muda na kupanga upya, kwenye ukurasa unaofunguliwa kila dakika, pia pa kuangalia.

Mengine nayapitia haraka. Kama sehemu fulani haina namba za kurasa chini, mfano kiboksi cha "viwanja vingine kama hiki", weka no_found_rows iwe true kwenye kwari yake, usiilazimishe databezi ihesabu jumla ambayo hakuna anayeiona. Usipange kwa bahati nasibu kwenye databezi, inaandaa vyote ndo ichague vitatu. Nakala za matoleo ya zamani ya posti (revisions) hazina kikomo usipoweka, weka WP_POST_REVISIONS iwe tano. Na wp_options, tebo ya mipangilio, yenye sehemu inayobebwa kila ukurasa unapofunguka, plagini ulizozifuta zamani bado zimeacha mizigo yao humo, toka toleo la 6.6 ukurasa wa Afya ya Tovuti unakuonya ikizidi kama KB 800, ukiona onyo hilo lifanyie kazi. Kama seva ni yako mwenyewe angalia pia InnoDB (sehemu ya MySQL inayotunza tebo) imepewa kumbukumbu kiasi gani, ukiacha ilivyo ni MB 128 tu.

Kazi ngumu kwa tovuti iliyoko hewani ni kuhamisha data ya zamani. Chukua bakapu kwanza, na uirudishe sehemu nyingine uone kweli inafunguka. Halafu toa orodha ya thamani zote tofauti zilizoandikwa kwenye fildi ya kata, kila moja na idadi yake, na kaa na mtu wa ofisini mzipitie, maana wewe huwezi kujua "njia ya Singida baada ya kituo" walimaanisha Nala au wapi, yeye anajua. Kuhamisha kwenyewe fanya kwa mafungu ya mia tano tano kwa WP-CLI (chombo cha kuiendesha WordPress kwa kuandika amri), zuia hesabu ya posti za kila neno la taksonomia isijipige kila mstari mpaka umalize. Fildi za zamani usizifute bado, acha zikae pembeni, linganisha idadi ya kila kata kwa njia ya zamani na mpya mpaka zilingane, ndo ubadilishe ukurasa wa kutafuta.

Kufuta nako fanya kidogo kidogo. DELETE moja ya mistari laki moja inaweza kushikilia tebo na tovuti ikasimama mchana kweupe. Na ukishafuta faili la tebo halipungui lenyewe, mpaka uagize OPTIMIZE TABLE, na hiyo ifanye usiku, ukiwa umehakikisha diski ina nafasi ya kubeba nakala nzima ya tebo, kwa sababu InnoDB inaijenga mpya pembeni kwanza ndo inaiondoa ya zamani.